Tone Moja Kiganjani

Ule mwaka tulikula michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, mpaka jasho letu likanuka viazi. Mtu wa rika langu aliyekulia upande huu wa ziwa akisoma hapo ameshaujua mwaka, sina haja ya kumwandikia namba. Asubuhi michembe ya kuchemsha, mitupu, bila karanga. Mchana hakuna. Jioni ugali wa ule unga wa njano wa magunia ya msaada, ambao ukiutupa ukutani unakurudia. Samaki walikuwepo. Furu walikuwa bado tele, sangara hajawamaliza, lakini mtoto wa Kisukuma ukimpa furu bila ugali anaona umemtania. Kilichopotea kabisa ni maziwa. Ng'ombe wa babu kule Bujora walikuwa wamebaki pembe na mbavu, na shangazi aliyezoea kutuletea kibuyu cha maziwa ya mgando alikuja mikono mitupu, akakaa kidogo, akaondoka.

Nimeukumbuka mwaka huo juzi kwa sababu ya harufu. Mjukuu wangu Deo ana boti ya kubeba watu, na boti yake ni ya zile ambazo injini inakaa ndani, nyuma kabisa, halafu nje unatoka mguu wa chuma unaoshuka majini. Pangaboi liko mwisho wa mguu. Ndani ya mguu mna gia, na gia zinaogelea kwenye oili nzito inayonuka kama yai viza lililokaangwa na kitunguu. Deo aliufungua mguu huo, akauleta uani kwangu hapa Nyegezi, akausimamisha kwenye mbao karibu na jiko langu. Nilikuwa nachambua dagaa. Harufu ikanifikia, mikono ikasimama yenyewe. Sikusikia uchungu wala nini. Niliona tu kwamba mikono imesimama.

Baba yangu alikuwa Mkerewe, fundi wa boti ya zahanati. Zahanati ilikuwa huku bara, boti ilimpeleka Mama Nesi visiwani kila Jumatano kupima watoto na kina mama wajawazito. Mzee Magesa ndiye aliyekuwa dereva, mtu wa maneno mengi na meno machache. Alijua usukani na upepo, lakini mguu wa boti hakuugusa. Mguu ulikuwa wa baba. Hata mganga mkuu, aliyekuwa na miwani na baiskeli, alikuwa anasubiri ufukweni mpaka baba aseme ndiyo. Baba akisema bado, ni bado. Niliona fahari hiyo na nimeirithi, watoto wangu wataniambia nimeirithi kupita kiasi.

Kazi ya kuukagua ilikuwa Jumanne mchana. Boti ilivutwa kwa magogo, makalio yake yanaangalia nchi kavu, baba anaingia chini na mimi nyuma yake. Kwanza mpira. Pale mguu unapoungana na boti kuna mpira wa mikunjo kama shingo ya kobe, na baba alikuwa anaingiza vidole mkunjo kwa mkunjo, amefumba macho, anatafuta ufa. Pili, anafungua pangaboi na kutoa nyuzi za nyavu. Ziwa letu lina nyuzi nyingi kuliko samaki, na uzi ukijizungusha pale nyuma ya pangaboi unakata kimpira kidogo kinachozuia maji yasiingie ndani ya mguu. Alizitoa kwa ncha ya kisu, taratibu, kama mtu anayetoa funza mguuni kwa mtoto.

Tatu ndiyo ilikuwa kazi yangu. Chini ya mguu kuna skrubu moja. Baba aliilegeza kwa bisibisi robo mzunguko, tone moja la oili likadondoka, na mimi nililipokea kiganjani. Changu, kwa sababu kiganja chake kilikuwa cheusi kwa grisi ya miaka, rangi haionekani. Ninakwenda nalo juani. Yeye anabaki chini ya boti, ananiuliza, "Asali?" Ninaangalia, lina rangi ya asali kabisa, ile nyepesi ya msimu wa mvua. Ninajibu, "Asali." Basi anakaza skrubu, anatoka, ananifuta kiganja kwa shati lake mwenyewe, siyo kwa kitambaa cha kazi. Anamwambia Mzee Magesa ndiyo. Kesho boti inaondoka.

Hakuwahi kuniambia oili ikiwa mbaya inakuwaje. Nadhani kwake ilikuwa kitu ambacho kila mtu anakijua. Mimi niliamini mle ndani mna asali kweli. Niliamini mguu unalishwa asali ndiyo maana una nguvu, na kwamba baba ananifuta haraka nisije nikailamba, kwa kuwa ni chakula cha boti.

Sasa mwaka huo wa michembe mdogo wangu wa kiume alikuwa ananyonya, na mama maziwa yakamkauka. Zahanati ikampa maziwa ya unga, kopo moja, ya mtoto tu. Mama aliliweka juu kabisa, kwenye boriti. Siku moja nilipanda kinu nikachovya kidole. Mama alinikuta. Hakunipiga. Aliwaita wadogo zangu wote wakasimama mstari, akaniambia, "Minza, toa ulimi waone." Nikautoa, mweupe. Wakauangalia. Mdogo wangu wa tatu akauliza kama na yeye atapewa. Nilikaa na ulimi nje mpaka ukakauka. Wenzangu mliopigwa fimbo mna bahati, fimbo inapoa.

Wiki chache baada ya hapo baba akashikwa na malaria. Siyo ya kutembea nayo. Alilala siku tatu anatetemeka mpaka kitanda cha kamba kinalia. Jumanne ikapita mguu haujaangaliwa. Jumatano boti haikuondoka, na hakuna aliyelalamika, maana baba hajasema ndiyo.

Alhamisi asubuhi Mzee Magesa alikuja nyumbani, siku hiyo hakuwa na utani. Habari zilikuwa zimeletwa na wavuvi: mama mdogo Kabula, mdogo wake mama, aliyeolewa kisiwani, alikuwa na uchungu tangu juzi na mtoto hatoki. Mkunga wa kule amesema aletwe zahanati. Mama alisimama mlangoni ameshika kanga mdomoni. Mama Nesi alikuwa ameshafika ufukweni na mkoba wake.

Baba alijaribu kuinuka. Aliweka miguu chini, akakaa hivyo kitambo, jasho likimdondoka puani, halafu akalala tena kwa sababu mwili ulikataa. Mzee Magesa akasema basi twende hivyo hivyo. Baba akasema boti yake haiondoki hivyo hivyo. Halafu baba akanitafuta kwa macho.

"Minza," akasema, "kachukue bisibisi ndogo. Robo mzunguko. Uje uniambie rangi."

Nilikimbia. Mimi, mtoto wa darasa la pili, nimetumwa kazi ya fundi, na mganga mkuu amesimama pale na miwani yake ananipisha. Sijasahau alivyonipisha. Niliingia chini ya boti peke yangu. Mpira sikuugusa, sikuambiwa. Pangaboi sikulifungua, nisingeliweza, na nyuzi niliziona zimejaa pale kama nywele kwenye kitana, nikaziacha kwa sababu sikutumwa nyuzi. Nililegeza skrubu, nikakinga mkono.

Tone likaja jeupe.

Nataka mnielewe hapa, maana watu wazima wakisikia wanadhani niliona hatari nikaificha. Sikuona hatari. Niliona maziwa. Mazito, meupe, yana ukungu wa njano kwa mbali kama ya ng'ombe aliyezaa jana. Na sikushangaa hata kidogo. Boti ni ya zahanati, na zahanati ndiyo inayotoa maziwa. Kopo la mdogo wangu lilitoka wapi? Kwa akili yangu asali ilikuwa imekwisha, mwaka ulikuwa mbaya kwa wote, sasa na boti nayo inalishwa maziwa ya msaada.

Niko chini ya boti. Hakuna anayeniona. Sijaonja maziwa tangu siku ya ulimi.

Nikalamba kiganja chote.

Ladha yake siwezi kuwaelezea, na ninaweza kuelezea vitu vingi. Chuma, chumvi, yai bovu, halafu uchungu unaoteremka mpaka masikioni. Nilitema, nikafuta ulimi kwa mchanga, nikatema tena. Mdomo ukabaki na utando, mate hayaushiki. Nilikaza skrubu nikatoka. Mganga mkuu akaniuliza vipi, nikapita bila kumjibu, maana nilikuwa nimefunga mdomo.

Mama alikuwa bado mlangoni. Akaniangalia, akasema, "Mbona unajifuta mdomo?" Nikasema mchanga. Akaendelea kuniangalia, na mimi nikaona wadogo zangu wamekaa ukutani wanakula michembe yao, wanne, kwa mstari, kama walivyosimama siku ile.

Ndani baba alikuwa amefumba macho. Alinyoosha mkono, nikampa kiganja. Akakigeuza. Kilikuwa safi, kimelambwa. Alikitazama kwa yale macho ya homa yasiyoshika kitu.

"Asali?" akauliza.

Ningesema maziwa, mama angesikia. Angesema toa ulimi.

"Asali," nikasema.

Baba akasema ndiyo. Mzee Magesa akatoka mbio.

Waliyoyakuta tuliyapata kwa Mama Nesi, tena kwa vipande, maana hakuwa mtu wa kusimulia. Kwenda walikwenda salama. Walimpakia mama mdogo Kabula kwenye godoro, akiwa na akili zake, akamsalimia Mzee Magesa shikamoo na kumwambia aendeshe polepole asimwage mtoto. Wakati wa kurudi, katikati ya maji, mguu ukaanza kulia. Halafu ukapiga kishindo kimoja ukashika. Injini ilikuwa nzima, inanguruma, lakini pangaboi halizunguki. Mzee Magesa alizima, akawasha, akazima. Wakaelea. Jua likazama wakiwa wanaelea, likachomoza wakiwa wanaelea, mpaka mtumbwi wa wavuvi wa dagaa wenye injini ndogo ukawaona ukawavuta. Walipofika ufukweni kwetu mama mdogo Kabula alikuwa amefunikwa kanga mbili, moja yake na moja ya Mama Nesi. Mtoto alikuwa bado tumboni.

Nimeulizwa na binti yangu, huyu mwalimu, nilijisikiaje. Sikujisikia. Nilisimama nikahesabu maua kwenye ile kanga ya juu. Yalikuwa kumi na tisa upande ulioonekana. Mama alikuwa amekaa mchangani anapiga kelele kwa Kisukuma, anamwita mdogo wake kwa jina la utotoni, na mimi nahesabu maua. Mdomo wangu ulikuwa na ladha ile bado. Nilikuwa nimeusugua kwa majivu na haikutoka, nikawa nafikiria kwamba nikiongea watu wataisikia harufu. Kwa hiyo sikuongea. Baada ya siku mbili watu wakasema Minza ameumia sana kwa ajili ya mama yake mdogo, angalieni hata hasemi. Nikapewa mguu wa kuku wa msiba, mimi mtoto, kwa huruma. Nikala. Haukuwa na ladha ya kuku.

Siku ya nne, baada ya maziko, boti ilivutwa kwa magogo na baba akaja kuufungua mguu mbele ya watu. Alikuwa anatembea kwa kushika vitu. Mganga mkuu alikuwepo, Mzee Magesa, wazee wa upande wa mume wa marehemu waliovuka kuja kuuliza, na watu wa kawaida wa kuangalia. Baba hakuniita. Alijilaza chini mwenyewe, akalegeza skrubu mwenyewe, akakinga kiganja chake mwenyewe, kile cheusi. Ikamwagika kama uji. Juu ya grisi nyeusi ilionekana nyeupe kuliko ilivyokuwa kwangu. Hata mtu aliye mbali aliiona.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama. Ndipo nikajua siyo maziwa. Hakuna aliyenieleza, nilijua tu kwa jinsi Mzee Magesa alivyovua kofia. Maji yalikuwa yameingia ndani ya mguu, yakachanganyika na oili, gia zikasaga bila mafuta mpaka zikashikana. Ni nyuzi zile, zilikata kimpira.

Mganga mkuu akauliza, hakupaza sauti, aliyeikagua boti hii kabla haijaondoka ni nani. Aliuliza huku anajua. Alikuwa amenipisha mwenyewe. Nadhani alikuwa anampa baba nafasi.

Baba alitoka chini ya boti. Aliangalia kiganja chake, halafu akaniangalia mimi. Siyo machoni, mdomoni. Akakumbuka kiganja kilicholambwa, ninaamini hivyo mpaka leo. Oili ya gia haifutiki ikawa safi vile, yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote wa ufukwe ule.

"Niliangalia mwenyewe," akasema.

Mzee Magesa akafungua mdomo. Baba akarudia kwamba ni yeye, alikuwa na homa, macho hayakuona vizuri. Mzee wa upande wa mume akasema basi fundi gani wewe, na heshima ile tulikupa ya nini. Baba akasema kweli. Akavua lile shati la kazi, akalifutia mikono, akamkabidhi mganga mkuu bisibisi zote mbili. Watu wakampisha njia naye akapita.

Tukahama nyumba ya zahanati. Watu walioitikia salamu zake kwa mikono miwili wakawa wanaitikia kwa kidevu. Kina mama kisimani walimwambia mama kwamba mume wake amemuua mdogo wake, na kwa muda mrefu mama hakumtengea baba chakula kwa mkono wake. Alinituma mimi. Nilibeba ile sahani kila jioni, michembe na furu, nikamwekea, naye akasema ahsante mwanangu. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia mama. Sikulisema. Mama alikufa bila kulisikia, na leo nikiliandika hapa naona limekuwa dogo, linapita kwenye kalamu kama maneno mengine.

Msiseme nilikuwa mtoto. Hilo nalijua, nilikuwepo.

Mvua zikarudi. Watu wakavuna, rangi ya ugali ikarudi kuwa nyeupe, shangazi akaleta kibuyu, nikakataa maziwa na sijayanywa tena. Baba akaanza kutengeneza injini za wavuvi uani kwetu, wale wasiojali maneno ya watu. Jioni moja alikuwa anakula ugali mpya, amechoka, na injini ya mtu ilikuwa imeegemezwa kwenye jiwe pale nje inadondosha oili. Mwenye nayo alikuwa anasubiri. Baba akasema kwa sauti ya zamani, ile ya chini ya boti, kama vile hakuna kilichotokea, "Minza, hebu kaniangalizie rangi."

Sasa ninafikiri alikuwa ananirudishia kazi yangu. Alikuwa ananiambia yameisha. Wakati ule sikufikiri chochote, nilisikia tu ladha imepanda.

"Siangalii," nikamwambia. "Nenda kaangalie mwenyewe."

Mama alishika mwiko. Mtoto wa kike hamjibu baba yake hivyo, mbele ya mgeni, kwenye nyumba ya Kisukuma wala ya Kikerewe. Yule mvuvi akaangalia chini. Baba akasema, "Mwache." Akaosha mkono, akaacha ugali wake unapoa, akaenda kuangalia mwenyewe. Hakunituma tena rangi mpaka alipokufa, na nililala njaa siku hiyo kwa amri ya mama. Nilistahili, lakini sikuomba radhi.

Nimezaa saba, nimezika mume, nimejenga nyumba hii ya matofali kwa dagaa. Hakuna aliyewahi kunifanya niseme kitu kiko sawa kwa niaba yake. Mabinti zangu walipoleta wachumba wakaniuliza nimewaonaje, niliwaambia waoneni nyie. Wanangu wanasema mama ni jiwe. Sawa. Mji huu umejengwa juu ya mawe.

Basi juzi Deo amekaa kwenye kigoda uani kwangu, simu sikioni, anawaahidi abiria kwamba kesho asubuhi na mapema boti iko majini. Ameweka sufuria yangu kuukuu chini ya mguu, amelegeza skrubu. Nilisikia tone la kwanza likigonga bati. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale, dagaa mkononi, na yeye hatua kumi. Deo ni kijana mzuri, ananiheshimu, hajui lolote kati ya haya. Akaondoa simu sikioni, akaiziba kwa kiganja.

"Bibi, samahani," akasema. "Wewe uko karibu. Hebu niangalizie rangi uniambie, kuna watu wananisubiri."

Tone la pili likagonga. Nikageuza uso ukutani.

"Siangalii," nikamwambia. "Nenda kaangalie mwenyewe."